MFALME MKUU ALIYEUREJESHA MSITU WA RIO

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamewahi kuiona picha ya mji wa Rio de Janeiro, kule Brazil. Mbele pana bahari, kando yake yamesimama majabali mfano wa minara, na nyuma ya majumba pana milima iliyofunikwa na msitu mzito usiopenya jua. Mtu akiutazama msitu ule hudhani kwamba uko vile tangu dahari, haujaguswa na shoka wala panga. Sivyo. Sehemu kubwa ya msitu huo, uitwao Tijuca, ilikuwa mashamba ya kahawa yaliyochoka, na vilima vyake vilikuwa vitupu kama kichwa kilichonyolewa. Msitu ulirejeshwa kwa mikono ya wanadamu, mche baada ya mche, katika zama za mfalme mkuu aliyeitwa Dom Pedro wa Pili.

Nimechagua kuwasimulia maisha ya mfalme huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maji. Ya pili ni watumwa. Mambo yote mawili yanatuhusu sisi watu wa pwani hii, na msomaji atakayenifuata hadi mwisho ataona kwa nini.

MTOTO KWENYE KITI CHA ENZI

Pedro alizaliwa Rio de Janeiro tarehe 2 Desemba, 1825. Baba yake, Pedro wa Kwanza, alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Ureno, na ndiye aliyeitangaza Brazil kuwa nchi huru mwaka 1822. Mama yake, Leopoldina, alitoka Austria. Bibi huyo alipenda sana elimu ya mimea na mawe, na alipokuja kuolewa mwaka 1817 waliandamana naye wataalamu waliokuja kuchunguza miti, ndege na wanyama wa nchi ile. Lakini mtoto hakupata kumjua mamake, kwani alifariki Desemba 1826, mwanawe akiwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka mmoja.

Mwaka 1831 baba naye akagombana na wakubwa wa nchi, akakiacha kiti, akapanda meli kwenda Ulaya. Huku nyuma akamwacha mwanawe wa miaka mitano awe mfalme mkuu wa nchi iliyo kubwa kuliko nchi nyingi duniani. Baba hakurudi tena, na mwaka 1834 akafariki. Basi mtoto akalelewa na walezi na walimu, akisoma tangu alfajiri hadi usiku, bila ya ndugu wa kiume wa kucheza naye. Nchi ilitawaliwa na wakubwa kwa niaba yake, na kila pembe ilizuka fitina na uasi. Mwaka 1840 wakubwa wakaona heri wamkabidhi utawala kijana mwenyewe, ingawa alikuwa na miaka 14 tu. Mwaka uliofuata akavikwa taji.

Alikua akawa mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye ndevu nyingi zilizoingia mvi mapema. Alimwoa Teresa Cristina wa Napoli mwaka 1843, wakapata watoto wanne. Wavulana wawili walifariki wadogo, wakabaki mabinti wawili, Isabel na Leopoldina. Starehe yake kubwa ilikuwa vitabu. Alipenda elimu ya nyota, alipenda kupiga picha zilipokuwa bado ni ajabu ya dunia, na alijifunza lugha nyingi. Jambo la lugha nitalirudia, kwani ndani yake imo lugha tuliyoisoma chuoni.

MLIMA ULIOVULIWA NGUO

Sasa tuitazame Rio ya wakati ule. Mji ulikunywa maji ya vijito vilivyoshuka kutoka milimani. Mto Carioca, uliowapa wenyeji wa Rio jina lao hadi leo, ulichukuliwa kwa mfereji wa mawe uliojengwa juu ya matao marefu, na matao hayo yangalipo. Watu walikwenda kwenye visima vya mtaani na mitungi yao, na mwenye uwezo aliwatuma watumwa wake.

Kisha ikaja kahawa. Bei ilikuwa nzuri, Ulaya na Marekani walikuwa wakiilia, na vilima vya Tijuca vilikuwa karibu na bandari. Wenye mashamba wakakata msitu, wakachoma makaa, wakauza mbao, wakapanda mibuni kwenye miteremko mikali. Kwa miaka michache mibuni ilizaa sana, kwani udongo ulikuwa umejaa mbolea ya majani yaliyooza kwa karne nyingi. Lakini udongo ule haukuwa na kitu cha kuushika. Mvua ilipopiga, uliteremka na maji.

Hapa inafaa kueleza, kwani wako wanaodhani kwamba msitu unakunywa maji na kuyamaliza. Kweli mti hunywa, lakini kazi ya msitu wa mlimani ni kubwa kuliko kiu yake. Majani huvunja nguvu ya mvua ili isiupige udongo uchi. Takataka za majani chini huyafyonza maji mfano wa sifongo. Mizizi hufungua njia ndani ya ardhi, na maji yakaingia polepole, yakahifadhiwa, kisha yakatoka chemchemini miezi ya kiangazi. Ukiuondoa msitu, mvua ile ile hushuka kwa siku moja ikiwa mafuriko ya tope, na jua likija hukuti kitu kijitoni.

Ndivyo ilivyokuwa Rio. Mji ulikuwa ukiongezeka watu, na vijito vinapungua. Ukame wa mwaka 1844 uliwatia watu hofu, na serikali ikaanza kuzungumza habari ya kuyatwaa mashamba yaliyozunguka chemchemi. Mazungumzo yalichukua miaka, kwani kila shamba lina mwenyewe na kila mwenyewe ana jamaa serikalini. Hatimaye, katika miaka ya 1850, mashamba yakaanza kutwaliwa kwa fidia. Kwa bahati mingi ya mibuni ile ilikuwa imekwisha kuchoka, na wakulima wenyewe walikuwa wakihamia bonde la mto Paraíba kwenda kuanza upya.

MICHE, NA WATU SITA

Tarehe 11 Desemba, 1861, mfalme mkuu akiwa na miaka 36, ilitolewa amri ya serikali kuanzisha misitu ya Tijuca na Paineiras. Msimamizi wa Tijuca aliwekwa Meja Manuel Gomes Archer, mwenye shamba huko Guaratiba ambaye alikuwa na uzoefu wa kuotesha miti ya asili ya nchi. Maagizo yalikuwa wazi: kupanda kuanzie kando ya chemchemi, pande zote mbili, na miti iwe ya asili ya Brazil.

Archer hakupewa jeshi la watu. Alianza kazi mwaka 1862 na watumwa sita. Majina yao yamehifadhiwa, nami nayaandika hapa kwa makusudi: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo, na mwanamke mmoja, Maria. Hao ndio waliobeba miche kutoka shamba la Guaratiba na kutoka msitu uliosalia karibu, wakachimba mashimo katika udongo ulioungua, wakapanda, wakamwagia maji, wakapalilia, na kilichokufa wakakipanda tena. Msitu haupandwi kama mahindi, ukaja kuvuna baada ya miezi minne. Mche mmoja wahitaji miaka ya kuangaliwa kabla haujaweza kujitetea na majani na jua.

Kwa muda wa miaka 13 hivi Archer alisimamia kazi ile, na wakati huo ilipandwa zaidi ya miti 60,000. Mwaka 1874 akashika nafasi yake Baron d'Escragnolle, akaongeza miti, akatengeneza njia, madaraja na mahali pa kutembelea watu. Na yote hayakuwa ya mikono ya wanadamu peke yake. Katika makorongo na vilele vilikuwa vimesalia vipande vya msitu wa kale, na kutoka huko upepo, ndege na popo walileta mbegu. Binadamu alifungua mlango, na Mola akaamuru viumbe vyake viingie.

Wanaosimulia habari hii aghalabu humsifu mfalme, kisha wakamsifu Archer, wakaishia hapo. Mimi siwezi kuishia hapo. Brazil ilipokea watumwa wa Kiafrika karibu milioni 5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya ng'ambo ile. Wengi walitoka Angola na Afrika ya Magharibi, lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 meli nyingi zilikuja pwani yetu hii ya mashariki, zikajaza watu kutoka Quelimane, Kisiwa cha Msumbiji na Ibo, na hata Kilwa, zikazunguka Rasi ya Kusini na kuwateremsha Rio. Huko waliitwa kwa jumla watu wa Msumbiji. Gati ya Valongo waliyoteremshwa ilifukiwa, na mawe yake yakafukuliwa tena mwaka 2011. Sidai kwamba yeyote katika wale sita alikuwa wa kwetu. Nasema tu kwamba mji ule uliojengwa kwa jasho la utumwa, hata msitu wake ulipandwa kwa jasho lile lile.

Na miongoni mwa watumwa wa Brazil walikuwamo Waislamu, wengi wao Wahausa na Wayoruba. Mwaka 1835, ndani ya mwezi wa Ramadhani, waliinuka katika mji wa Salvador, huko Bahia, kudai uhuru wao. Walishindwa, wakaadhibiwa vikali. Walikutwa na hirizi na maandishi ya Kiarabu, na walikuwa wakifundishana kusoma kwa ubao kama tulivyofundishwa sisi. Pedro alikuwa mtoto wa miaka tisa wakati huo.

MFALME NA UTUMWA

Basi mfalme mwenyewe alikuwa na msimamo gani? Hakuupenda utumwa, na watu wake walilijua hilo. Biashara ya kuleta watumwa kwa bahari ilikomeshwa kwa sheria mwaka 1850, kwa shinikizo la manowari za Uingereza na kwa kukubali kwake. Mwaka 1871 ikapita sheria ya kwamba mtoto atakayezaliwa na mtumwa atakuwa huru. Lakini uhuru kamili haukuja mpaka tarehe 13 Mei, 1888, na aliyetia saini ni binti yake Isabel, baba akiwa mgonjwa Ulaya. Brazil ilikuwa nchi ya mwisho ya mabara ya Amerika kuufuta utumwa.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Kwa sababu kiti chake kilisimama juu ya mabega ya wenye mashamba ya kahawa, na kahawa ilisimama juu ya mabega ya watumwa. Aliogopa kukivunja kiti. Hapa naona upungufu wake mkubwa. Mtu aliyeweza kutazama mbele miaka 100 kwa ajili ya chemchemi alishindwa kuharakisha haki ya watu waliokuwa wakichimba mashimo ya miti yake.

Na kuna upungufu wa pili, ambao watetezi wa misitu wanapaswa kuujua. Kahawa iliyoondolewa Tijuca haikupotea. Ilihamia bonde la Paraíba, na huko misitu mikubwa ikateketezwa kwa njia ile ile, mpaka udongo wa huko nao ukachoka. Mlima wa mji mkuu ulivalishwa nguo huku mashambani nguo zinavuliwa. Msitu ule wa pwani ya Brazil, uliokuwa umeenea maelfu ya kilomita kando ya Bahari ya Atlantiki, leo umebaki chini ya thuluthi, tena vipande vipande. Na Brazil ni nchi inayoongoza dunia nzima kwa wingi wa aina za mimea. Kinachopotea huko mara nyingi hakipatikani pengine.

MWANAFUNZI WA KIARABU

Nimeahidi kuirudia habari ya lugha. Dom Pedro alisoma Kiyahudi cha kale, Kisanskriti na Kiarabu. Mwaka 1871 alisafiri hadi Misri. Mwaka 1876 alikwenda Marekani, na katika maonyesho ya Philadelphia alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuijaribu simu ya Bell. Mwaka huo huo akafika Beirut, Damascus na Baitul Mukaddas, akazungumza na wanavyuoni na kuandika daftari lake la safari. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiitafsiri Alfu Lela Ulela kutoka Kiarabu kwenda Kireno, na sehemu ya kazi hiyo imehifadhiwa.

Hakuwa Mwislamu, wala sitaki kumvika kanzu asiyoivaa. Lakini mtu anayekaa chini na umri wake kujifunza nahau ya Kiarabu, hali ana nchi ya kutawala, anastahili heshima ya watu wa elimu.

KUANGUKA NA KUFA

Wenye mashamba hawakumsamehe kwa kuondoka kwa watumwa wao, na wanajeshi nao walikuwa na malalamiko yao. Tarehe 15 Novemba, 1889, jeshi likaipindua serikali na kuitangaza jamhuri. Mfalme hakupigana. Usiku wa siku ya pili yake, kabla ya alfajiri ya tarehe 17, yeye na jamaa zake walipandishwa chomboni ili mji usiamke ukaona. Serikali mpya ilimpa fedha nyingi, akazikataa. Mwezi uliofuata mkewe akafariki Ureno.

Aliishi miaka miwili zaidi katika vyumba vya hoteli, akisoma na kutafsiri. Tarehe 5 Desemba, 1891, alifariki Paris kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 66. Katika vitu vyake palikutwa kifurushi cha udongo wa Brazil, aliouweka ili azikwe nao, na ukatiwa jenezani. Mabaki yake yalirudishwa nchini mwaka 1921, na leo yamo katika kanisa kuu la Petrópolis.

MSITU BAADA YA MFALME

Jamhuri iliutupa msitu kwa muda mrefu. Njia zilizibwa na magugu, majengo yakaanguka. Miaka ya 1943 hadi 1946 tajiri mmoja mpenda sanaa, Raymundo Ottoni de Castro Maya, alipewa kazi ya kuutengeneza, akautengeneza. Mwaka 1961, miaka 100 baada ya ile amri, ukawa hifadhi ya taifa. Hifadhi hiyo ina karibu hekta 4,000, na ndani yake kimo kilele cha Corcovado chenye ile sanamu kubwa ya Wakristo.

Lakini wataalamu walipouchunguza waligundua jambo. Miti ipo, wanyama hawapo. Wawindaji walikuwa wamewamaliza siku nyingi, na mji ulikuwa umeuzunguka msitu hata wengine wasiweze kurudi wenyewe. Na msitu bila ya wanyama ni kama msikiti bila ya waumini: kuta zimesimama, kazi haifanyiki. Mbegu kubwa huanguka chini ya mama yake na kuoza, kwani hakuna wa kuzibeba.

Kwa hivyo tangu mwaka 2010 wataalamu wa chuo kikuu cha Rio pamoja na wenye hifadhi wameanza kuwarudisha. Kwanza alikuja cutia, mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye miguu mirefu, ambaye huzika mbegu kama akiba kisha akasahau nyingine zikaota. Mwaka 2015 wakaja nyani wale wapigao kelele za kutisha asubuhi. Hao hula matunda na kuangusha mbegu na kinyesi chao, na dundu wa mavi wakazifukia ardhini. Mwaka 2020 wakaja kobe wa nchi kavu. Kazi iliyoanzwa na watu sita inaendelea, miaka zaidi ya 160 sasa.

Na kuna moja litakalowachekesha wasomaji wa Kwale na Pemba. Adui mmoja mkubwa wa msitu wa Tijuca ni mfenesi! Mti huo tunaoupenda sisi uliletwa Brazil kutoka Bara Hindi wakati wa utawala wa Wareno. Huko Tijuca umeota kwa wingi hata ukawasonga miti ya asili, na wenye hifadhi hulazimika kuupunguza. Si kwamba fenesi ni baya. Kila kitu kina mahali pake, na kikitoka mahali pake huweza kugeuka udhia.

SISI NASI

Mombasa imekunywa maji ya Marere, katika milima ya Shimba, na maji ya Mzima, ambayo yanatokana na mvua inayozama katika vilima vya Chyulu. Wako wanaofungua bomba wakadhani maji yanatoka bombani. Yanatoka msituni, sawasawa na yale ya Rio. Tofauti ni kwamba Rio iliuondoa msitu wake kwanza, ikaona kiu, kisha ikatumia miaka mingi na jasho la watu wasiolipwa kuurudisha. Sisi Shimba bado ipo, Arabuko-Sokoke bado ipo, na kaya za ndugu zetu Wamijikenda, zilizolindwa na wazee kwa miiko kabla ya kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, bado zipo. Kulinda kilichopo ni rahisi kuliko kurudisha kilichokwenda.

Wanavyuoni wametufundisha kwamba apandaye mti ana ujira kwa kila kiumbe kitakachofaidika nao, awe mtu, ndege au mnyama, hata mpanzi mwenyewe akiwa kaburini. Ikiwa ni hivyo, basi thawabu za msitu wa Rio si za mwenye taji peke yake. Ndege anayekula tunda Tijuca asubuhi hii anakula katika kazi ya Eleutério na Constantino, ya Manuel na Mateus, ya Leopoldo na Maria. Mfalme anayo makumbusho na masanamu yake. Hao sita wanao msitu, na sisi tuwakumbuke kwa majina yao.